Mchungaji wa nyongeza

Ndugu wasikilizaji, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, wilayani Maswa, kulikuwa na kopo la biskuti. Biskuti zenyewe sikuziona. Zililiwa kabla sijazaliwa, na kopo likabaki kuwa sanduku la nyaraka. Humo bibi aliweka stakabadhi za kodi za babu, sindano, vifungo, na noti mbili tatu zilizofungwa ndani ya kitambaa. Aliyelileta ni baba mdogo, ambaye alikuwa mpishi wa Wazungu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Juu ya mfuniko wake palikuwa na picha, na hiyo picha ndiyo nataka tuizungumze jioni ya leo.

Ilikuwa picha ya njia ya kijijini yenye miti mikubwa pande zote mbili. Upande wa kushoto kijana mdogo mwenye kizibao chekundu amelala kifudifudi ukingoni mwa kijito, anakunywa maji kwa mdomo, hana kikombe wala kibuyu. Kondoo wake wanakwenda zao njiani. Mbwa amesimama nyuma ya kundi, naye mawazo yake yako kwingine. Na mbele ya kondoo kuna lango bovu, liko wazi, na ng'ambo ya lango ni shamba la ngano iliyoiva, rangi ya dhahabu.

Sisi watoto wa nyumba ile tuliitazama picha hiyo kila siku na uamuzi wetu ulikuwa mmoja tu: huyu leo atachapwa. Hatukujua kijana ni wa nchi gani. Tulijua kiu yake, tulijua kijito chake, na tulijua kondoo wale wakishapita lango lile jioni itakuwaje.

Nilipata kuyajua zaidi nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Nilikuwa nachunga ng'ombe wa babu, wapatao thelathini, karibu na lambo. Nikalala nikanywa maji, kisha nikaona udongo mzuri wa mfinyanzi, nikaanza kufinyanga fahali. Nikamtia nundu, nikamtia pembe za vijiti. Nilipoinua macho ng'ombe wote walikuwa katika mtama wa jirani, na mtama ulikuwa umeshachanua. Wazee walikaa, wakamtoza babu beberu mmoja na madebe mawili ya nafaka. Nilingoja fimbo. Babu hakunipiga. Alikwenda ndani, akalileta lile kopo, akaliweka chini mbele yangu, akatoka. Sijapata adhabu nyingine iliyonikaa kichwani kama ile.

Basi miaka kadhaa iliyopita nilikuwa London kwa shughuli za kikazi, nikapata nusu siku ya mapumziko, nikaingia katika jumba la picha la taifa, National Gallery, lililopo Trafalgar Square. Kiingilio hakuna, na nje kulikuwa na mvua. Nikawa napita chumba hadi chumba kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mara nikamwona. Kizibao chekundu, kifudifudi, anakunywa maji. Picha ina urefu wa karibu mita moja na nusu kwenda juu, na yule kijana ambaye kwenye kopo alikuwa sawa na ukucha wangu, pale alikuwa mtu kamili.

Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu hata askari wa chumba akanisogelea kidogo.

Mchoraji ni John Constable, mtoto wa mwenye vinu vya kusaga nafaka katika kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, mashariki ya Uingereza. Alimaliza picha hiyo mwaka 1826. Jina linaloandikwa ni Shamba la Nafaka, ila mwenyewe alikuwa na desturi ya kuiita Mtoto Anayekunywa. Alipofariki mwaka 1837, rafiki zake walichangishana fedha, wakainunua na kuikabidhi kwa taifa. Tangu hapo imenakiliwa kwenye sahani, vitambaa, makopo na kila kitu kinachokubali rangi. Mwaka 1996 jumba hilohilo la National Gallery lilifanya maonyesho ya watu wa kawaida wenye nakala za picha hiyo majumbani mwao, nao wakaeleza wanaiona vipi. Bibi yangu hakualikwa. Angekuwa na la kusema.

Nami, ndugu wasikilizaji, nilikuwa na la kusema. Constable alikuwa mtu makini. Alimwomba mtaalamu wa mimea, Henry Phillips, amweleze ni maua gani yanayochanua kando ya njia mwezi wa Julai, ili asikosee hata jani. Lakini sioni dalili kwamba alimwuliza mchunga kondoo lolote. Kondoo wanaelekezwaje kwenye ngano iliyoiva, lango likiwa bovu, mlinzi akiwa chini na mbwa akiwa hana habari? Na lile kanisa dogo linaloonekana kwa mbali, wanaolijua eneo wanasema halionekani ukisimama hapo. Mchoraji aliliweka kwa sababu picha ililitaka. Nikajiuliza kama kijana naye aliwekwa kwa sababu hiyohiyo.

Nilirudi na swali hilo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za picha za mandhari, hasa zile zenye wachungaji na mifugo. Hapa niseme kidogo: siku hizi ukitaja mchungaji watu wanadhani unamsema mtumishi wa kanisani mwenye kola nyeupe. Mimi namsema mwenye fimbo na vumbi.

Mzee wa picha hizo ni Claude Gellée, Mfaransa kwa lugha, aliyezaliwa katika nchi ya Lorraine, ndiyo maana akaitwa Claude Lorrain. Aliishi Roma karibu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1682. Wateja wake walikuwa wakubwa: Papa Urbano wa Nane, makadinali, mfalme wa Hispania. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda mashambani nje ya mji kuangalia jua linavyochomoza, na jioni akirudi kuangalia linavyozama. Hakuna aliyewahi kuchora mwanga kama yeye, na ninayesema hivyo ni mtu ambaye ameona macheo mengi ya malishoni. Waigaji walipomzidi, alitengeneza daftari lenye karibu michoro mia mbili ya kazi zake halisi, ili mtu akiletewa picha ya bandia ajue. Daftari hilo liko London hadi leo, katika British Museum.

Sasa, katika picha za Claude utamwona mchungaji amekaa chini ya mti, anapiga filimbi, ng'ombe au mbuzi wanavuka maji ya kina kifupi. Na inasimuliwa kwamba Claude, ambaye hakuwa hodari sana wa kuchora watu, alikuwa na mzaha wake kwa wateja. Aliwaambia kwamba mandhari anayauza, lakini watu waliomo anawatoa bure.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa lugha ya sokoni kwetu, mchungaji alikuwa nyongeza. Umenunua fungu la nyanya, mama anakutupia mbili juu. Umenunua machweo ya jua ya Roma, unatupiwa na mchunga mbuzi.

Ingekuwa ni mzaha tu kama mambo yangeishia Roma. Vijana matajiri wa Kiingereza walikwenda huko kutembea, wakazinunua picha za Claude, wakarudi nazo. Wakishazitundika ukutani wakachungulia dirishani, wakaona mashamba yao hayafanani na picha. Basi wakaanza kuyafananisha. Tajiri mmoja mwenye benki, Henry Hoare, alizuia maji akatengeneza ziwa huko Stourhead na kulizungushia mahekalu ya mtindo wa Kirumi, hata mgeni akitembea pale ajione yumo ndani ya picha. Wengine walichimba mtaro mrefu wenye ukuta uliozama ardhini, usioonekana kutoka nyumbani, ili ng'ombe waonekane wakilisha mbele ya dirisha lakini wasiweze kusogea na kuchafua mlangoni. Na watalii wa wakati huo walikuwa na kioo kidogo cheusi kilichobinuka, kilichopewa jina la Claude. Mtu alifika mahali penye mandhari mazuri, akayapa mgongo, akayatazama ndani ya kioo, kwa sababu humo yalionekana kama picha iliyochorwa. Naam, alisafiri siku tatu kuja kuipa nchi mgongo.

Wakati huohuo kulikuwa na kazi nyingine inaendelea. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio ardhi ambazo wanakijiji walikuwa wakizitumia kwa pamoja. Zilihusu hekta zaidi ya milioni 2.7, kama moja ya tano ya England yote. Mtu maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha kwenye uwanja wa kijiji, siku uwanja ulipozungushiwa uzio alibaki na haki isiyo na mahali, na ng'ombe akauzwa. Pale Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, bwana mmoja mkubwa katika miaka ya 1760 alikihamisha kijiji kizima kwa sababu kilikuwa kimekaa mahali alipotaka bustani yake. Watu wakajengewa nyumba mpya kandokando ya barabara kuu, kwa mistari miwili. Nyumba hizo ni nzuri, wanasema. Hata hivyo walihamishwa kwa ajili ya mandhari.

Iko picha moja, katika jumba lilelile la National Gallery, ambayo napenda kuitaja hapa. Ilichorwa mnamo mwaka 1750 na Thomas Gainsborough, naye alikuwa kijana tu. Bwana Andrews amesimama na bunduki kwapani, mkewe amekaa kwenye benchi katika gauni la samawati, na kulia kwao shamba limeenea. Miganda ya ngano imesimamishwa kwa mistari iliyonyooka. Mbali kidogo kondoo wanalisha ndani ya uzio mzuri. Tafuteni katika picha nzima mtu aliyeivuna ile ngano. Tafuteni anayewachunga wale kondoo. Hayumo. Hapa hata ile nyongeza ya bure imeondolewa.

Na Constable wetu? Miaka minne kabla ya kumchora kijana wa kopo, yaani mwaka 1822, vibarua wa mashambani huko Suffolk na Norfolk walikuwa wakivunja mashine za kupuria nafaka kwa sababu ziliwanyima kazi ya majira ya baridi, na usiku moto ulionekana mashambani. Picha haina moto. Ina kijana anakunywa maji. Simlaumu sana, kwa maana mtu hulazimika kuchora anachokipenda, na Constable aliipenda ile njia tangu utotoni. Ila nasema tusiichukue kama ushahidi.

Sasa msije mkadhani kwamba nimekuja kuwasuta Wazungu wote na rangi zao. Wapo waliomjua mnyama, na wapo waliomjua mchungaji.

Aliyemjua mnyama ni Mholanzi, Paulus Potter. Mwaka 1647, akiwa hajatimiza miaka 22, alichora fahali kwa kimo chake halisi. Picha ina upana wa karibu mita tatu na nusu na iko mjini The Hague, katika jumba la Mauritshuis. Sijaiona kwa macho, nimeiona kitabuni, lakini hata kitabuni unataka kurudi nyuma hatua moja. Fahali amesimama juu ya kilima kidogo. Chini yake ng'ombe jike amelala, kuna kondoo dume, kondoo jike na mwanawe, na nyuma ya mti amesimama mzee mchungaji mwenye kofia. Nzi wamo. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kimo, kimechorwa kwa heshima ileile aliyochorewa mbingu. Chura yumo majanini. Nilipokiona kile kinyesi nilimwamini mchoraji.

Wataalamu wamemchunguza fahali huyo wakasema si ng'ombe mmoja. Baadhi ya viungo vyake ni vya dume kijana na vingine ni vya dume aliyekomaa. Inasimuliwa kwamba Potter alikuwa akitembea mashambani na daftari mfukoni, akichora kiungo kila alipokutana na mnyama, kisha nyumbani akaunganisha. Babu angeliona kosa hilo kabla ya wataalamu. Angesema, huyu ana kifua cha baba yake. Lakini angesema hivyo akiwa amekaa, na angeomba aachiwe picha. Potter alifariki mwaka 1654 akiwa na miaka 28 tu. Jeshi la Ufaransa lilimchukua fahali huyo mwaka 1795 likampeleka Paris, akakaa huko miaka ishirini, akarudishwa 1815. Nimewahi kusikia ng'ombe walioibwa wakarudi, lakini si baada ya miaka ishirini.

Mwingine ni Rosa Bonheur, mwanamke wa Kifaransa. Mwaka 1849 alichora ng'ombe wakilima, jembe mbili, kila moja na ng'ombe sita wazito, weupe. Ili awajue wanyama alikwenda minadani na machinjioni, na kwa kuwa mwanamke mwenye gauni asingeweza kufanya kazi katika matope yale bila kusumbuliwa, alikata kibali cha polisi cha kuvaa suruali. Kibali cha polisi, ndugu wasikilizaji, kwa ajili ya suruali. Mwaka 1865 alipewa nishani ya juu ya taifa lake, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata kwa kazi ya sanaa.

Lakini aliyemjua mchungaji, kwa maoni yangu, ni Jean-François Millet. Alizaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima huko Normandy, akalima kabla ya kuchora. Mwaka 1863 alionyesha Paris picha ya mtu aliyeegemea jembe la mkono, amechoka hadi mdomo uko wazi, na waungwana wakamtukana, wakasema amewaletea sura mbaya. Mwaka uliofuata akaonyesha msichana mchunga kondoo, na hapo wakampongeza. Nami nadhani hawakuitazama vizuri. Msichana amesimama katika uwanda mpana usio na kilima wala hekalu, amevaa joho zito na kofia nyekundu, nyuma yake kondoo wamebanana wakilisha. Hapigi filimbi. Hatazami machweo. Ameinamisha kichwa, anafuma kwa sindano. Anafanya kazi mbili kwa mshahara wa moja, na mbwa anafanya ya tatu. Ukimtazama unajua ni saa ngapi ameamka. Millet hakumtoa bure. Mwondoe msichana huyo na picha yote inakwisha.

Nimeyafikiria hayo kwa sababu ya picha za hapa kwetu. Piteni pale Dar es Salaam wanapouza picha kwa watalii. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitufundisha kuchora wanyama kwa rangi za makopo juu ya ubao, na wanafunzi wake wameeneza kazi hiyo duniani. Pembeni yao siku hizi kuna picha nyingine: Wamasai warefu, wembamba kama mishale, mashuka mekundu, wamepangwa kwa mstari, nyuso hazina macho wala midomo. Niliwahesabu watu katika picha kumi. Nikawatafuta ng'ombe. Katika picha kumi niliwaona ng'ombe katika moja. Ajabu ilioje! Kule Ulaya mteja aliuziwa ng'ombe na mandhari, mchungaji akawa nyongeza. Hapa mteja anauziwa mchungaji asiye na sura, na ng'ombe, ambao ndio sababu ya yeye kuitwa mchungaji, wamefutwa.

Na ukigeukia picha za mbuga zetu, zile za kalenda, utakuta twiga, mgunga mmoja, jua linazama, basi. Tunaambiwa hivyo ndivyo Serengeti ilivyokuwa tangu kuumbwa. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka ilipogawanywa wafugaji waliokuwa ndani yake walihamia upande wa Ngorongoro, mahali palipotengwa kwa ajili ya watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Kuanzia mwaka 2022 wengi wa Ngorongoro nao wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Hoja za Serikali mnazijua, na hoja za wanaolalamika mnazijua, sitazirudia katika dakika chache nilizobakiwa nazo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekua akitazama kalenda isiyo na mchungaji hataona pengo pale mchungaji anapokosekana. Kwetu Usukumani tunatenga ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yawasaidie mifugo kiangazi. Ngitili ni nzuri kutazama kuliko kalenda yoyote. Imekuwa nzuri kwa sababu wapo watu wanaoilinda na kujua siku ya kuifungua.

Mwezi uliopita nilimwendea kijana mmoja anayechora kando ya barabara, nikamwomba anichoree kijana anachunga ng'ombe, amelala anakunywa maji lamboni. Tukapatana bei, akataka nusu mbele. Baada ya wiki nikaenda kutazama. Kijana wa kwenye picha alikuwa mzuri, ana uso, ana macho. Ng'ombe walikuwa weusi na weupe wa Kizungu, wale wa maziwa, hawana nundu, na kiwele cha mmoja kilikuwa karibu na miguu ya mbele. Nikamwuliza, mwanangu, umewahi kumshika ng'ombe? Akacheka akasema, mzee, mimi ni mtoto wa Ilala.

Sikumdai fedha zangu. Nikampa nauli ya daladala, nikamwambia aende mnadani Pugu, wanakoshushwa ng'ombe kutoka bara, akae siku nzima na daftari, na awaulize wale vijana wanaowaswaga wamekunywa maji wapi na lini. Alikwenda. Alirudi na viatu vilivyoharibika kabisa na michoro kumi na minne, na katika mmoja, chini kwenye pembe ya karatasi, amechora kinyesi.

Picha bado haijakamilika. Ikiwa tayari nitaipeleka Maswa kwa dada yangu, ambaye ndiye mwenye kopo sasa. Ndugu wasikilizaji, tukutane wiki ijayo siku na saa kama hii. Kwaherini.